Jiografia ya binadamu: istilahi za msingi na mahali zinapopotosha

Ukiuliza London ina watu wangapi, unaweza kujibiwa 8,600 na unaweza kujibiwa milioni 8.8, na majibu yote mawili yametoka kwenye sensa ileile ya 2021. La kwanza linahesabu Jiji la London, kile kipande cha kale chenye kilomita za mraba 2.9 na meya wake mwenyewe. La pili linahesabu London Kuu, yenye kilomita za mraba 1,572. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kilichotofautiana ni mstari uliochorwa kabla ya hesabu kuanza.

Jiografia ya binadamu huchunguza watu wanaishi wapi, wanahama kutoka wapi kwenda wapi, wanazalisha nini na wapi, wanajigawaje katika miji na nchi, na kwa nini mpangilio huo uko hivyo na si vingine. Istilahi zake nyingi si ngeni masikioni: mji, msongamano, mhamiaji, mpaka, taifa. Ugumu uko hapohapo. Mtu hudhani amelielewa neno kwa sababu analitumia kila siku, kumbe kwenye jedwali la takwimu lina maana finyu yenye masharti yake. Karibu kila istilahi inayofuata ina maswali mawili nyuma yake: eneo limekatwa wapi, na idadi imegawanywa kwa nini.

Mahali, kanda na skeli

Mahali huelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mahali halisi: latitudo na longitudo, ambazo hazibadiliki. Ya pili ni mahali kwa uhusiano: umbali kutoka bandarini, barabara kuu au soko, na huo hubadilika kila reli mpya inapojengwa au njia ya meli inapohama. Kwa miji, wanajiografia hutenganisha zaidi ardhi yenyewe ambayo mji umekaa (maji, mwinuko, udongo) na nafasi ya mji kati ya maeneo mengine. New Orleans, ulioanzishwa 1718, ndio mfano ninaoupenda kuliko yote: ardhi yake ni mbovu, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na kimbunga Katrina cha 2005 kilifurika takriban asilimia 80 ya mji. Nafasi yake, hata hivyo, ni mlangoni mwa Mto Mississippi, na biashara ya bonde zima hupitia hapo. Mji haukujengwa pale kwa ujinga. Nafasi ilishinda ardhi.

Kanda nazo ni za aina tatu. Kanda ya kufanana ni eneo lenye sifa moja, kwa mfano linapozungumzwa lugha fulani. Kanda ya utendaji hushikwa na kitovu: eneo lote ambalo watu wake husafiri kila siku kwenda kufanya kazi katika mji mmoja. Kanda ya fikra huishi vichwani mwa watu, kama “Mashariki ya Kati”, ambayo kila mchora ramani huikata anavyoona. Makosa huanza pale kanda ya fikra inapopewa takwimu kana kwamba ina mipaka iliyokubaliwa.

Skeli, yaani uwiano wa umbali kwenye ramani na umbali wa ardhini, huwachanganya hata waliofika mbali kimasomo. Ramani ya 1:50,000 ni ya skeli kubwa kuliko ya 1:1,000,000, ingawa inaonyesha eneo dogo zaidi, kwa kuwa sehemu moja ya 50,000 ni kubwa kuliko sehemu moja ya milioni. Katika 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Ukipima eneo, usigawanye kwa 2 tu: kilomita 1 ya mraba ni sentimita za mraba 4. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa, na wapimaji wa haraka hupata eneo ambalo ni mara mbili ya lililopo.

Msongamano: watu kwa kila nini?

Msongamano wa kawaida ni idadi ya watu ikigawanywa kwa eneo lote. Mwaka 2020 Misri ilivuka watu milioni 100, na eneo lake ni takriban kilomita za mraba milioni 1. Matokeo ni watu 100 kwa kilomita ya mraba, yaani nchi inayoonekana ina nafasi tele. Lakini sehemu kubwa ya eneo hilo ni jangwa, na idadi kubwa mno ya Wamisri wanaishi kwenye bonde na delta ya Mto Nile. Ardhi inayolimwa haifiki asilimia 5 ya nchi. Gawanya watu walewale kwa ardhi hiyo peke yake, nawe utapata zaidi ya watu 2,000 kwa kilomita ya mraba. Huo ndio msongamano kwa ardhi ya kilimo, na ndio unaogusa maswali ya chakula na maji. Kuna na wa tatu: wakulima peke yao kwa eneo la ardhi inayolimwa. Huo hueleza zana kuliko uhaba. Nchi yenye matrekta mengi inaweza kuwa na watu wengi kwa kila hekta inayolimwa lakini wakulima wachache mno.

Hata baada ya kusahihisha kigawanyo, wastani bado unaficha jambo. Chukua wilaya ya kubuni yenye kata mbili. Kata A ina kilomita za mraba 10 na watu 20,000. Kata B ina kilomita za mraba 190 na watu 4,000. Wilaya nzima ina watu 24,000 kwenye kilomita za mraba 200, kwa hiyo msongamano ni 120. Sasa tafuta mtu wa wilaya hiyo anayeishi katika msongamano wa 120. Hayupo. Watano kati ya kila sita wanaishi kwenye msongamano wa 2,000, na aliyebaki anaishi kwenye 21. Ukipima upya kwa kumpa kila mtu msongamano wa kata yake kisha ukatafuta wastani wa watu badala ya wastani wa ardhi, unapata karibu 1,670. Namba ya 120 inamfaa mpangaji wa barabara anayelipa kwa kilomita. Ya 1,670 inamfaa anayepanga maji taka, zahanati au udhibiti wa ugonjwa wa kuambukiza. Anayeuliza “ipi ndiyo sahihi” hajasema anataka kufanya nini.

Msongamano si mtawanyiko. Wilaya mbili zinaweza kuwa na watu 120 kwa kilomita ya mraba kila moja, moja ikiwa na nyumba zilizotapakaa mashambani, nyingine ikiwa na kila mtu kando ya barabara moja. Mtawanyiko unasema watu wamekaaje. Msongamano unasema wangapi kwa eneo.

Milango minne ya idadi ya watu

Idadi ya watu wa eneo hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuingia, kutoka. Idadi ya mwisho ni idadi ya mwanzo, jumlisha waliozaliwa, toa waliokufa, jumlisha walioingia, toa waliotoka. Kama hesabu haifungi, basi ama sensa moja iliruka watu, ama mpaka wa eneo ulibadilishwa katikati.

Kiwango ghafi cha vizazi hupatikana kwa kugawanya vizazi hai vya mwaka kwa idadi ya watu ya katikati ya mwaka, kisha kuzidisha kwa 1,000. Eneo lenye watu 400,000, vizazi 14,000 na vifo 3,200 lina kiwango cha vizazi 35 na cha vifo 8. Tofauti ni 27 kwa elfu, yaani asilimia 2.7. Hapo pana mtego wa kawaida: kuandika asilimia 27 kwa kusahau kuwa kiwango kilikuwa kwa elfu. Njia ya kujikagua ni kanuni ya 70: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko, upate miaka ya idadi kuongezeka maradufu. Kwa 2.7 ni miaka 26 hivi, jambo linalowezekana. Kwa 27 ingekuwa chini ya miaka mitatu, ambayo hakuna wazazi duniani wanaoweza kuitekeleza.

Kinaitwa ghafi kwa sababu kinagawanya kwa kila mtu, mtoto na mzee, bila kujali umri. Ndiyo maana Japani, ambako mtu hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 80, ina vifo zaidi ya 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na Qatar haifiki 3. Qatar imejaa vijana waliokwenda kufanya kazi. Japani imejaa wazee. Kulinganisha viwango ghafi vya nchi hizi mbili na kuhitimisha kuwa moja ina hospitali bora ni kosa, hata kama jedwali limetoka kwenye chanzo cha kuaminika.

Kiwango cha jumla cha uzazi kinakwepa tatizo hilo. Ni idadi ya watoto ambao mwanamke angezaa kama angepita umri wote wa uzazi akifuata viwango vya mwaka huu vya kila umri. Zingatia “kama”: hakuna mwanamke halisi anayeishi hivyo. Wanawake wakiahirisha kuzaa kwa miaka michache, kiwango hushuka sana kwa muda hata kama mwishowe kila mmoja atapata watoto walewale. Mwaka 2023 Korea Kusini ilifikia 0.72, na kuahirisha kumechangia, ingawa si sababu pekee.

Kizazi kinachojirudishia huhitaji takriban 2.1. Si 2 kamili, kwa sababu wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana (karibu 105 kwa 100), na baadhi ya wasichana hufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Penye vifo vingi vya watoto, kiwango hicho cha kujirudishia huwa juu zaidi ya 2.1, na kutumia 2.1 kila mahali ni uvivu. Tena, kushuka chini ya hapo hakuleti upungufu papo hapo. China ilishuka chini ya kiwango cha kujirudishia mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini idadi yake ilianza kupungua rasmi mwaka 2022. Kwa miaka ile thelathini, vijana waliozaliwa enzi za uzazi mkubwa waliendelea kuwa wazazi, na wingi wao ulifunika uchache wa watoto wa kila mmoja. Msukumo huo wa umri ndio unaofanya sera za uzazi zionekane hazifanyi kazi kwa muda mrefu, kisha zionekane zimefanya kazi kupita kiasi.

Umri wa kutarajiwa kuishi nao husomwa vibaya. Tuseme kati ya watoto 100, 30 wanafariki wakiwa na mwaka mmoja na 70 waliobaki wanafariki wakiwa na 60. Wastani ni miaka 42. Hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 42, na wala jamii hiyo haikukosa wazee. Kwa hiyo unaposoma kwamba jamii ya zamani ilikuwa na umri wa kutarajiwa wa miaka 35, elewa kwanza vifo vya watoto wachanga.

Uwiano wa utegemezi hujumlisha walio chini ya miaka 15 na wenye 65 au zaidi, hugawanya kwa walio kati ya 15 na 64, kisha huzidisha kwa 100. Nchi yenye asilimia 45 ya watoto na asilimia 3 ya wazee ina 48 kwa 52, yaani 92. Japani, yenye asilimia 29 hivi ya wazee na 12 ya watoto, ina karibu 70. Namba hizi mbili hazisemi jambo moja: mzigo wa watoto hudai madarasa na chanjo, na hupungua wenyewe wanapokua, mzigo wa wazee hudai pensheni na uuguzi. Vilevile kipimo kinamchukulia mwanafunzi wa miaka 20 kuwa mzalishaji na mkulima wa miaka 68 kuwa tegemezi. Tenganisha utegemezi wa watoto na wa wazee kila mara, hakuna gharama yoyote katika kufanya hivyo.

Piramidi ya umri huonyesha hayo yote kwa jicho moja, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, wadogo chini. Ikiwa na mkato wa ghafla, usikimbilie kusema vita. Piramidi ya Japani ina pengo jembamba kwa waliozaliwa 1966: mwaka huo vizazi vilipungua kwa karibu robo kwa sababu ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda ya jadi, na imani ilikuwa kwamba msichana anayezaliwa mwaka huo atamletea mumewe balaa. Mwaka uliofuata vizazi vilirudi juu.

Kuhusu mpito wa kidemografia, ule mchoro wa hatua ambapo vifo hushuka kwanza, vizazi hufuata baadaye, na idadi huongezeka kwa kasi katikati: ni maelezo ya kilichotokea Ulaya, si sheria ya maumbile. Warren Thompson aliuweka msingi wake 1929. Uswidi, ambayo imeandika vizazi na vifo kitaifa tangu 1749, inauonyesha vizuri, na mpito wake ulichukua zaidi ya karne. Iran ilishuka kutoka zaidi ya watoto sita kwa mwanamke katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu wawili kufikia 2000. Anayeutumia mchoro huu kutabiri mwaka ambao nchi “itaingia hatua ya nne” anaudai kisichokuwemo.

Nani mhamiaji, nani mkimbizi

Uhamaji ni kubadili makazi ya kawaida, si kusafiri. Katika takwimu za Umoja wa Mataifa, mhamiaji wa kimataifa wa muda mrefu ni aliyehamishia makazi yake nchi nyingine kwa angalau miezi 12. Mtalii hayumo, wala anayevuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini.

Tofauti inayosahaulika zaidi ni kati ya waliopo na wanaoingia. Umoja wa Mataifa ulikadiria wahamiaji wa kimataifa milioni 281 mwaka 2020, karibu asilimia 3.6 ya watu wa dunia. Hao ni wote wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa, wakiwemo waliohama miaka hamsini iliyopita. Si waliohama mwaka huo. Na mpaka hucheza hapa pia. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika 1991, mamilioni waliohama zamani kutoka jamhuri moja hadi nyingine waligeuka wahamiaji wa kimataifa kitakwimu bila kunyanyua mguu. Mpaka ndio uliowapitia.

Uhamaji halisi ni walioingia kutoa waliotoka, na unaweza kuficha msukosuko. Mji ulioingiza watu 50,000 na kupoteza 48,000 una ongezeko la 2,000, ambalo kwenye jedwali linaonekana kama utulivu, ingawa shule na nyumba za kupanga zimebadilisha karibu watu laki moja.

Sababu hugawanywa katika zinazosukuma na zinazovuta. Mgawanyo huo ni mwanzo mzuri, ila ukiishia hapo utashindwa kueleza kwa nini maskini kabisa mara nyingi hawaendi mbali. Everett Lee mwaka 1966 aliongeza vizuizi vya njiani: nauli, sheria, umbali, kutojua mtu kule. Kabla yake, E. G. Ravenstein alikuwa ameichambua sensa ya Uingereza ya 1881, na mwaka 1885 akaandika mambo ambayo mengi yamesimama: wengi huhama umbali mfupi, kila mkondo wa wahamaji huzaa mkondo wa kurudi, na katika masafa mafupi wanawake huhama zaidi ya wanaume. Hilo la mwisho bado huwashangaza wanaomfikiria mhamaji kuwa kijana wa kiume tu.

Mkimbizi ana maana ya kisheria. Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ni aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi wa nje au machafuko makubwa ya amani ya umma. Mwomba hifadhi ni ambaye ombi lake halijaamuliwa. Aliyekimbia nyumba yake lakini hajavuka mpaka ni mkimbizi wa ndani, na hata awe na mateso yaleyale, Mkataba wa 1951 haumhusu. Anayekimbia ukame hadi nchi jirani naye, kwa sababu hiyo peke yake, hayumo katika maana ya 1951. Vyombo vya habari huwaita wote wakimbizi. Kwenye ripoti, usifanye hivyo.

Mji unaanzia wapi

Denmark huhesabu makazi ya watu 200 kuwa mji. Japani hutumia kizingiti cha watu 50,000. Kwa hiyo mtu akikwambia dunia ilivuka nusu ya watu kuishi mijini mwaka 2007, kumbuka amejumlisha vizingiti hivyo vyote. Mwaka 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya pamoja ya kulinganisha nchi: dunia inagawanywa katika miraba ya kilomita 1 kwa 1. Miraba inayogusana yenye angalau watu 1,500 kila mmoja, na jumla ya angalau watu 50,000, ni jiji. Miraba yenye angalau 300, na jumla ya angalau 5,000, ni mji mdogo au kitongoji cha mjini. Iliyobaki ni mashambani. Njia hii haibadili sheria za nchi yoyote, lakini inazuia upotofu wa aina ya Chongqing, ambayo mara kwa mara hutajwa kuwa jiji kubwa kuliko yote duniani kwa watu wake milioni 32. Manispaa hiyo ina kilomita za mraba 82,400, karibu sawa na Austria nzima, na ndani yake mna milima na mashamba.

Ukuaji wa miji una maana mbili ambazo lazima zitenganishwe. Nchi yenye watu milioni 10, milioni 2 wakiwa mijini, ikifika milioni 20 na milioni 4 mijini, miji yake imeongezeka maradufu. Kiwango chake cha watu wa mijini hakijasogea: asilimia 20 mwanzo, asilimia 20 mwisho. Miji imejaa kwa kuzaliana, si kwa kuhamiwa. Ukipeleka fedha kuzuia watu wasitoke vijijini, umetibu ugonjwa usiokuwepo.

Kwa nini miji iko pale ilipo, na kwa ukubwa ule? Walter Christaller, mwaka 1933, akichunguza kusini mwa Ujerumani, alijenga jibu lake juu ya vipimo viwili. Kizingiti ni wateja wa chini kabisa wanaohitajika ili huduma isife. Masafa ni umbali wa mwisho ambao mteja yuko tayari kwenda kuifuata. Masafa yakizunguka wateja wasiofika kizingiti, huduma haisimami hapo. Duka la mahitaji ya kila siku lina kizingiti kidogo na masafa mafupi, kwa hiyo yapo mengi. Hospitali ya upasuaji wa moyo ni kinyume.

Mfano wa pale nadharia ilipokutana na udongo ni Noordoostpolder, Uholanzi, ardhi iliyokaushwa kutoka majini mwaka 1942. Wapangaji waliweka mji mmoja katikati, Emmeloord, na vijiji kumi kuuzunguka, umbali kati yao ukipimwa kwa mwendo wa baiskeli. Magari yakaja. Masafa yakarefuka, watu wakaenda moja kwa moja Emmeloord au mbali zaidi, mashine zikapunguza vibarua wa mashambani, na vijiji vikabaki vidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kanuni ya kizingiti na masafa haikukosea. Kilichokosewa ni kuyachukulia masafa kana kwamba hayabadiliki.

Kukadiria mpaka wa mvuto kati ya miji miwili kuna fomula inayotokana na kazi ya William Reilly ya 1931. Chukua umbali kati yao, ugawanye kwa 1 jumlisha kipeuo cha pili cha uwiano wa watu, mji mkubwa juu ya mdogo. Jibu ni umbali kutoka mji mdogo. Kwa miji ya watu 900,000 na 100,000 iliyo kilomita 120 mbali, uwiano ni 9, kipeuo chake 3, na 120 kwa 4 ni 30. Wanaoishi ndani ya kilomita 30 za mji mdogo watauelekea huo. Wengine wataelekea mkubwa. Fomula haijui mto usio na daraja wala kituo cha forodha. Mahali penye vitu hivyo, tumia muda wa safari badala ya kilomita.

Kuna pia jiji kuu lililozidi, istilahi ya Mark Jefferson ya 1939, kwa nchi ambayo mji wake wa kwanza unaupita wa pili kwa mbali. Montevideo, yenye zaidi ya watu milioni moja, inaupita mji wa pili wa Uruguay zaidi ya mara kumi.

Dola, taifa, mpaka

Dola, kwa Mkataba wa Montevideo wa 1933, inahitaji watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika mahusiano na dola nyingine. Serikali ni sehemu moja tu ya dola, na hubadilika bila dola kubadilika. Taifa ni watu wanaojiona wamoja kwa historia, lugha au utamaduni, nao wanaweza kuwa na dola, kuigawana na wengine, au kukosa kabisa. Wakurdi wamegawanyika hasa kati ya Uturuki, Iraki, Iran na Syria.

Mpaka huzaliwa kwa hatua: kuuelezea kwa maneno kwenye mkataba, kuuchora kwenye ramani, kisha kuweka nguzo ardhini. Migogoro mingi hukaa kati ya hatua hizo, hasa mkataba unaposema “mto” na mto ukahama. India na Bangladesh zilibadilishana vipande 162 vya ardhi vilivyozungukwa na nchi nyingine mwaka 2015 tu. Baharini, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani mamlaka hadi maili 12 za baharini, karibu kilomita 22, na haki ya rasilimali hadi maili 200. Kati ya 12 na 200 nchi ina samaki na mafuta, lakini haiwezi kuzuia meli kupita.

Ramani inavyodanganya kwa nia njema

Ramani iliyopakwa rangi kwa wilaya isionyeshe idadi ghafi. Ukipaka idadi ya wagonjwa, umepaka kwa sehemu kubwa idadi ya watu, na wilaya kubwa kwa eneo itavuta jicho hata kama ni tupu. Paka viwango: wagonjwa kwa kila watu 10,000. Idadi kamili ioneshe kwa duara zenye ukubwa tofauti. Kisha jaribu kuchora ramani ileile kwa kata badala ya wilaya. Kama picha inageuka, basi ulichokiona kilikuwa umbo la mipaka.

Hatari kubwa zaidi ni kumpa mtu mmoja sifa ya eneo lake. William Robinson alilionyesha hilo mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya 1930. Akilinganisha majimbo 48, palipokuwa na wazaliwa wengi wa nje ndipo palipokuwa na wachache wasiojua kusoma. Uwiano wa mambo hayo mawili ulikuwa hasi (moja likipanda, jingine hushuka), karibu −0.53. Akilinganisha mtu mmoja mmoja, wazaliwa wa nje ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma, uwiano ukiwa chanya, karibu 0.12. Alama iligeuka kabisa. Sababu ni kwamba wahamiaji walikwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake tayari walikuwa wamesoma zaidi. Swali likiwa juu ya watu, data nayo iwe ya watu. Ukiwa na data ya majimbo pekee, andika juu ya majimbo na uishie hapo.